Koo la Mfalme na Ugomvi wa Madaktari

Desemba 2023 ilitimia miaka 150 tangu mpasuaji Theodor Billroth, huko Vienna, aondoe kisanduku chote cha sauti cha mgonjwa wa saratani. Haikuwahi kufanyika kabla yake. Mgonjwa, mwalimu wa dini wa miaka 36, aliwekewa sauti ya bandia iliyobuniwa na Carl Gussenbauer, akasema tena. Baada ya miezi kama saba saratani ilirudi, ikamuua.

Lakini koo lililotikisa dunia ni la Friedrich, mrithi wa kiti cha enzi cha Ujerumani. Mwaka 1887 sauti yake ilikauka. Mpasuaji Ernst von Bergmann alitaka kumpasua Mei 21. Siku moja kabla, daktari Morell Mackenzie aliwasili kutoka London akazuia kisu mpaka ithibitishwe kuwa ni saratani. Akakata vipande vidogo vya uvimbe, na Rudolf Virchow, bingwa wa hadubini, hakuiona saratani ndani yake. Upasuaji ukaahirishwa. Septemba Mackenzie akatunukiwa cheo na Malkia Victoria, mama mkwe wa Friedrich. Novemba, mjini San Remo, Italia, uvimbe ulikuwa umekwisha kujitangaza wenyewe kuwa saratani.

Februari 9, 1888 alitobolewa shingo apate kupumua. Mwezi mmoja baadaye akawa mfalme, akitawala kwa vikaratasi kwa kuwa hakuwa na sauti. Siku ya 99 akafa, akampisha mwanawe Wilhelm II. Madaktari wa Ujerumani wakachapisha lawama zao, Mackenzie akajibu kwa kitabu kizima, na chama cha wapasuaji cha Uingereza kikamkemea.

Kudai uthibitisho kabla ya kukata kulikuwa haki. Kosa lilikuwa kutulizwa na majibu ya vipande vile huku mgonjwa akizidi kukauka sauti, na kosa hilo bado linaua watu.

Upasuaji wenyewe uliendelea kuboreshwa. Mwaka 1906 mpasuaji George Crile wa Marekani alieleza upasuaji 132 akionyesha umuhimu wa kuondoa pia tezi za shingo. Karibu na 1980 wataalamu Singer na Blom walileta vali ndogo ya kuwarudishia sauti waliotolewa kisanduku. Utafiti wa 1991 kwa wanajeshi wastaafu 332 wa Marekani wenye saratani ya kisanduku cha sauti ulionyesha kuwa asilimia 68 waliishi miaka miwili, wawe wamepasuliwa kwanza au wameanza na dawa na mionzi. Katika kundi la pili, asilimia 64 walibaki na kisanduku chao.

Vali ile ya Singer na Blom hubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa. Hospitali zetu zipange gharama hiyo kabla mgonjwa hajapelekwa chumba cha upasuaji.