Ndege na silaha katika Vita Kuu ya Kwanza Afrika Mashariki

Ndege na silaha katika Vita Kuu ya Kwanza Afrika Mashariki ni mada inayohusu jinsi ndege za kivita na silaha za askari wa miguu zilivyojaribiwa, zilivyoshindwa na zilivyoboreshwa katika mapigano kati ya Ujerumani na Uingereza pamoja na washirika wake, miaka 1914-1918. Mapigano hayo yalifanyika hasa katika koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani (leo Tanzania bara, Rwanda na Burundi), Kenya na Msumbiji.

Silaha nyingi zilizotumika zilitengenezwa kwa ajili ya hali ya hewa, barabara na reli za Ulaya. Huku zilikutana na joto, unyevu, pori na ukosefu wa barabara. Kila upande ulilazimika kuzibadilisha kwa vifaa vilivyopatikana, na mzigo wa kuzisafirisha uliwaangukia zaidi wapagazi Waafrika.

## Bunduki za askari mwaka 1914

Jeshi la Wajerumani katika koloni, lililoitwa Schutztruppe, lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 vita ilipoanza. Kamanda wao alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck. Wengi wao walibeba bunduki za Mauser za mwaka 1871. Bunduki hiyo ilikuwa na kipenyo cha milimita 11 na ilitumia baruti nyeusi. Kila risasi ilipopigwa, wingu la moshi mweupe lilitokea na kuonyesha mahali alipojificha askari.

Kampuni chache tu zilikuwa na Mauser ya mwaka 1898. Hii ilikuwa na kipenyo cha milimita 7.92, ilibeba risasi 5 kwa pamoja na ilitumia baruti isiyo na moshi. Katika vita vya porini tofauti hiyo ilikuwa kubwa: mwenye bunduki mpya aliweza kupiga bila kuonekana.

Upande wa Waingereza silaha zilikuwa mpya zaidi, lakini si wote walioizoea mitambo yake. Baadhi ya vikosi kutoka Uhindi vilivyotumwa kuiteka Tanga vilipewa bunduki mpya na bombomu muda mfupi kabla ya safari. Mapigano ya Tanga (2-5 Novemba 1914) yaliisha kwa Waingereza kurudi melini. Waliacha bunduki za kisasa za kutosha kampuni 3, bombomu 16 na risasi 600,000. Hivyo Wajerumani waliboresha silaha zao kwa ngawira ya adui.

## Meli zilizopenya

Manowari za Kiingereza zilifunga pwani yote ya koloni. Hata hivyo meli mbili zilipenya na kuleta silaha.

Ya kwanza ilikuwa Rubens, iliyofika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, Aprili 1915. Ilishambuliwa na manowari HMS Hyacinth ikazama kwenye maji ya kina kifupi. Wapiga mbizi waliokoa sehemu kubwa ya shehena, ikiwemo bunduki za mwaka 1898 zipatazo 1,800. Risasi zilikuwa zimeloa maji ya bahari. Zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa na maganda yakasafishwa, kisha zikafungwa upya. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, na bado risasi nyingi hazikulipuka zilipopigwa.

Ya pili ilikuwa Marie, iliyofika ghuba ya Sudi karibu na Lindi mwezi Machi 1916. Ilileta howitza 4 za milimita 105, mizinga 2 ya milimani ya milimita 75, bunduki na risasi. Kutoka Sudi hapakuwa na reli. Shehena yote ilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi kwa vikosi vya mbali.

## Ndege katika delta ya Rufiji

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani SMS Königsberg iliizamisha HMS Pegasus huko Zanzibar. Baadaye ilijificha kwenye delta ya mto Rufiji, nyuma ya misitu ya mikoko. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina kifupi cha maji, na kutoka baharini haikuonekana. Kwa hiyo Waingereza walitafuta ndege.

### Majaribio yaliyoshindwa

Rubani wa kiraia Dennis Cutler aliajiriwa kutoka Afrika Kusini akiwa na ndege ya Curtiss yenye uwezo wa kutua majini. Mwezi Novemba 1914 alianza kuruka kutoka kisiwa kidogo cha Nyororo, upande wa kaskazini wa Mafia. Rejeta ya injini ilipovuja, ilibadilishwa kwa rejeta ya gari la Ford iliyoletwa kutoka Mombasa. Cutler aliiona Königsberg, lakini mwezi Desemba alilazimika kutua ndani ya delta akatekwa.

Mwezi Februari 1915 zililetwa ndege mbili za Sopwith zenye maboya, chini ya John Cull. Zilishindwa kabisa. Hewa ya joto ni nyepesi kuliko ya baridi, hivyo mabawa hayapati nguvu ya kutosha ya kuinua, na injini nayo hupungukiwa nguvu. Ndege hizo hazikuweza kupaa na mzigo wa mabomu pamoja na mtu wa pili. Isitoshe, gundi iliyounganisha mbao ililegea kwa joto na unyevu, na propela zikaachana.

Ndege za Short zilizofuata mwezi Aprili zilifanya vizuri kidogo. Ziliweza kupiga picha za Königsberg kutoka angani, lakini hazikufika juu vya kutosha kukwepa risasi za kutoka ardhini.

### Mfumo uliofaulu

Mwezi Juni 1915 zilifika ndege za nchi kavu, yaani Henri Farman 2 na Caudron 2. Kisiwa cha Mafia kilikuwa kimetekwa mwezi Januari, na sasa uwanja wa ndege ulisafishwa huko. Zililetwa pia meli HMS Severn na HMS Mersey. Zilikuwa zimejengwa awali kwa ajili ya mito ya Brazil, zikihitaji kina cha chini ya mita 2 tu.

Kazi ya ndege sasa ilikuwa kuelekeza mizinga. Mwangalizi aliyekaa na rubani alitazama kila kombora linapoangukia, kisha akatuma ishara za Morse kwa redio: mbele, nyuma, kushoto au kulia. Shambulio la tarehe 6 Julai halikufaulu. Meli zote mbili zilipiga kwa wakati mmoja, na mwangalizi hakuweza kujua kombora lipi ni la meli ipi. Zaidi ya makombora 600 yalipigwa kwa mafanikio madogo.

Tarehe 11 Julai utaratibu ulibadilishwa, meli zikapiga kwa zamu. Cull aliruka na mwangalizi Harwood Arnold. Ndege yao ilipigwa na injini ikaharibika, lakini Arnold aliendelea kutuma marekebisho huku ndege ikishuka. Walianguka majini wakaokolewa na mashua ya Mersey. Mizinga iliendelea kwa shabaha waliyoipata, na Wajerumani wakaizamisha wenyewe Königsberg iliyokwisha kuharibika.

## Mizinga ya Königsberg nchi kavu

Wajerumani waliopoa mizinga yote 10 ya milimita 105 kutoka kwenye meli hiyo. Ilipelekwa Dar es Salaam, ambako mafundi waliitengenezea magurudumu. Mzinga uliobuniwa kukaa kwenye sitaha ulikuwa mzito mno kwa njia za porini, na ulivutwa kwa kamba na mamia ya watu. Mwaka 1916 mizinga hiyo ilitumika Kondoa, kusini mwa nyanda za juu za Mbulu na Karatu yalipo maeneo ya Rhotia. Waingereza nao walifanya vivyo hivyo kwa mizinga ya Pegasus.

## Ndege nchi kavu

Mwanzoni mwa 1916 kikosi cha anga namba 26, chenye marubani wengi kutoka Afrika Kusini, kilifika na kuweka kambi Mbuyuni karibu na Taveta. Kilitumia ndege za BE2c na Henri Farman. Mbao za BE2c zilipinda kwa joto, ilhali Henri Farman zenye fremu ya chuma zilivumilia zaidi. Ndege zilisaidia kuchora ramani na kudondosha mabomu, lakini askari waliotembea chini ya miti hawakuonekana kwa urahisi.

Mwaka 1917 Ujerumani ilijaribu kupeleka msaada kwa Zeppelin L59, chombo cha anga kinachoelea kwa gesi ya hidrojeni. Kilirefushwa kutoka mita 196.5 hadi 226.5 ili kibebe takribani tani 15. Kwa kuwa hakikutarajiwa kurudi, kilipangwa kubomolewa: kitambaa kiwe mahema na fremu iwe milingoti ya redio. Kiliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba. Kilipofika magharibi ya Khartoum kiliamriwa kwa redio kurudi. Kilikuwa kimesafiri kilomita 6,757 kwa saa 95 bila kutua.

## Mwisho wa vita

Kikosi cha King's African Rifles kiliongezwa kutoka batalioni 3 hadi 22, kikapewa bombomu nyepesi za Lewis na mizinga midogo ya Stokes iliyoweza kubebwa na watu. Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma Novemba 1917, akateka silaha za Wareno huko Ngomano na kuachana na bunduki nyingi za 1871.

Aliposalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, jeshi lake lilikabidhi mzinga 1 wa Kireno, bombomu 37 ambazo 30 zilikuwa za Kiingereza, na bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno.

## Wapagazi

Kila bunduki, kombora na sanduku la risasi vilivyofika mbali na reli vilibebwa kichwani au begani. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, hivyo binadamu alichukua nafasi ya gari na mnyama. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa magonjwa, njaa na uchovu, idadi kubwa kuliko ya waliouawa kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kambi ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza.