Taa za dashibodi: mnamwandikia nani?

Nimekuwa kimya kidogo, kazi nyingi. Lakini wikendi iliyopita Baba alinipa swali ambalo limeninyima usingizi.

Tulikuwa tukipanda mlima kutoka Mai Mahiu kwa gari lake kuukuu kutoka Japani. Taa ya joto la injini ikawaka. Mimi, miaka 28, niliiona nikiwa kiti cha abiria. Yeye, miaka 63, hakuiona hadi nilipompigia kelele. Tulipoegesha kando ya barabara akaniuliza, "Si wewe ndiye fundi wa programu? Hizi taa mnamwandikia nani?"

Basi nikaanza kusoma historia yake.

Zamani dereva alikuwa na geji tu: mshale unapanda, unashuka, naye aufuatilie mwenyewe. Miaka ya 1930 kampuni ya Hudson ya Marekani ikaweka taa badala ya baadhi ya geji hizo. Wamarekani wakaziita taa za wajinga. Geji hukuonyesha joto likipanda polepole. Taa huwaka mambo yakiwa yameshaharibika. Usipoiona papo hapo, umechelewa.

Miaka ya 1980 kompyuta zikaingia. Nissan iliuza Marekani gari la Datsun Maxima lililoongea kwa kisahani kidogo cha santuri. Mwaka 1983 Chrysler nayo ikaleta sauti ya kielektroniki. (La Baba huongea Kijapani kila anapoliwasha. Hakuna nyumbani ajuaye linasema nini.) Mwaka 1986 Buick Riviera ikaja na skrini ya kugusa, na hata redio ikawa humo. Wengi walilalamika kwamba inawaondoa macho barabarani. Mwaka 1988 General Motors wakajaribu njia nyingine: Oldsmobile Cutlass Supreme chache zilionyesha kasi kwenye kioo cha mbele.

Wazo hilo la mwisho lina maana kubwa kwa wazee. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, na kuhamisha macho kutoka mbali hadi karibu huchukua muda zaidi. Kufikia miaka 60, mwanga unaofika nyuma ya jicho ni kama theluthi moja tu ya ule wa kijana wa miaka 20. Milio nyembamba nayo huanza kupotea masikioni. Picha ya kwenye kioo huonekana kama iko mbele ya gari, hivyo jicho halina safari ndefu.

Vijana wenzangu, tusijigambe. Sisi twaiona taa haraka, lakini uzoefu wa kutambua hatari barabarani hatuna, na skrini hutunasa. Kwa kilomita 100 kwa saa, gari hukata karibu mita 28 kila sekunde. Ndiyo maana mwaka 2013 shirika la usalama barabarani la Marekani, NHTSA, lilipendekeza kila mtazamo kwenye skrini usizidi sekunde 2. Hizo ni mita 56 bila kuangalia mbele!

Jumatatu nilifungua programu ya madereva ninayoiandika. Onyo langu: herufi ndogo za buluu juu ya rangi nyeusi. Nilikuwa nimejiandikia mwenyewe. Nimezikuza, nimezifanya nyeupe, na mlio nimeushusha uwe mzito. Jumamosi Baba ataijaribu kabla ya mteja.

Na wewe, mara ya mwisho ulimpa mzee wako programu yako aijaribu lini?