Msitu Mkongwe

Msitu wa Bradfield uko Suffolk, mashariki mwa Uingereza, karibu na mji mdogo wa Bury St Edmunds. Si mkubwa, haufiki hekta 100. Mgeni aliyeambiwa kwamba huu ni miongoni mwa misitu ya zamani kabisa nchini humo hutarajia miti minene iliyofunga anga. Akiingia ndani hukuta fito nyembamba zikichomoza kwa mamia kutoka kwenye visiki, na penginepo uwanda uliokatwa majira ya baridi yaliyopita, kuni zimepangwa kando ya njia. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba mwaka 1252, ulipokuwa mali ya watawa wa abasia ya Bury St Edmunds, msitu huo ulikuwa tayari unakatwa kwa zamu. Unakatwa hadi leo.

Waingereza huuita msitu wa namna hii “ancient woodland”. Mfasiri wa Kiswahili anayekutana na istilahi hiyo ana majina mawili yanayomjia upesi: msitu wa asili na msitu wa kale. Yote mawili yanampoteza msomaji, na ili kuona yanampotezaje ni lazima kwanza kujua Waingereza wenyewe wanamaanisha nini.

Fasili yao rasmi haitaji unene wa mti hata mmoja. Katika England na Wales, msitu huhesabiwa kuwa wa kundi hili iwapo ardhi yake imekuwa na miti mfululizo tangu angalau mwaka 1600. Kwa Scotland mwaka unaotumika ni 1750. Mwaka 1600 ulichaguliwa kwa sababu za kiutendaji. Kabla ya wakati huo watu walipanda misitu mipya kwa nadra sana, kwa hiyo msitu uliokuwapo wakati huo yaelekea haukupandwa na mtu. Isitoshe, ni karibu na kipindi hicho ramani nzuri za mashamba na vijiji zinapoanza kupatikana kwa wingi, na mtafiti akawa na kitu cha kulinganisha na msitu anaouona leo.

Wazo hili lilipata nguvu miaka ya 1970, hasa kwa kazi za George Peterken na Oliver Rackham. Rackham, mwanabotania wa Cambridge aliyefariki mwaka 2015, alikuwa na mbinu ambayo wanahistoria wengi hawakuizoea. Alisoma hati za zama za kati zilizoandikwa kwa Kilatini, kisha akaingia msituni kuangalia kama ardhi inakubaliana na hati. Msitu wa Hayley, mkoani Cambridgeshire, umeandikwa katika orodha ya mali za Askofu wa Ely ya mwaka 1251. Rackham aliukuta mahali pale pale, ukiwa umezungukwa na mashamba, na akauandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1975. Miaka 5 baadaye akatoa kitabu kikubwa ambacho jina lake ndilo istilahi tunayoijadili.

Kitu alichokisisitiza maisha yake yote ni kwamba kukata mti si kuua msitu. Ashi, hazeli, mwaloni na miti mingine mingi ya Uingereza ikikatwa karibu na ardhi huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Machipukizi hayo huachwa kwa miaka kati ya 7 na 25, kulingana na aina ya mti na matumizi yake, kisha hukatwa na kisiki huanza upya. Ajabu ni kwamba mti unaokatwa hivyo huishi muda mrefu kuliko ule ulioachwa ukue wenyewe. Bradfield kuna visiki vya ashi ambavyo vinakadiriwa kuwa na umri wa miaka 1,000 hivi, vimetanuka hadi kuwa duara pana la mashina, ilhali fito zilizo juu yake ni changa kuliko watu wanaozikata.

Hapa Kiswahili hakina upungufu wowote. Neno fito linatosha kabisa, maana fito za hazeli ziliingia katika kuta za nyumba za Suffolk: fremu ya mwaloni, fito zilizosukwa katikati, udongo uliochanganywa na majani makavu juu yake. Fito za ashi zilikwenda kwenye karakana ya kijiji cha jirani iliyotengeneza mipini na reki. Kwa kisiki chenyewe, Tanzania imeshatoa jina. Mkoani Dodoma, wakulima na wafugaji wanaofanya kazi na shirika la LEAD Foundation huziita juhudi zao Kisiki Hai: huchagua kisiki kinachochipua, hupogoa machipukizi dhaifu, huweka alama kwenye yale yaliyobaki na kuyalinda. Lengo lao ni tofauti na la Bradfield, kwa kuwa wao huliacha chipukizi likue liwe mti, na Waingereza hukata machipukizi yote kila zamu inapofika. Lakini kisiki ni kile kile, na mizizi iliyo hai chini yake ndiyo inayofanya kazi pande zote mbili. Mtu anayetafuta jina la ukataji wa Kiingereza anaweza kusema “ukataji wa kisiki hai” na mkulima wa Dodoma akaelewa papo hapo.

Kama miti hukatwa kila mara, basi kilicho cha zamani ni nini? Ni udongo, pamoja na vyote vinavyoishi ndani yake na juu yake. Ardhi ambayo haijalimwa kwa karne nyingi hubeba kuvu, wadudu na mimea midogo isiyojua kusafiri. Anemone nemorosa, ua jeupe la majira ya kuchipua, hukadiriwa kusogea takriban mita 2 tu kwa miaka 100. Primula elatior, ua la manjano hafifu ambalo misitu ya Bradfield na Hayley inajulikana kwalo, nalo ni zito kuhama. Ndiyo maana wataalamu huyatumia maua ya namna hii kama ushahidi: yakionekana mengi na kwa aina nyingi chini ya miti, huenda msitu ule una umri mkubwa kuliko ramani zote zilizopo. Ukataji huyasaidia pia. Sehemu inayofikiwa na zamu inapokatwa, jua hufika chini na maua hulipuka kwa misimu kadhaa kabla fito hazijafunga tena.

Ukingoni mwa msitu kuna ushahidi mwingine, tuta la udongo lenye mtaro upande wa nje. Watu wa zama za kati walilichimba ili kuonyesha mpaka na kuzuia mifugo ya jirani isile machipukizi. Nje ya tuta ni mashamba ya ngano kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, yaliyotenganishwa kwa nyua za miti na michongoma. Nyua hizi si pambo. Bradfield kuna mnyama mdogo jamii ya panya, mwenye rangi ya dhahabu na mkia wa manyoya, anayelala usingizi majira yote ya baridi. Akiwa macho hupita matawini na hapendi kuvuka mahali pa wazi, hivyo ua uking'olewa msitu wake hugeuka kisiwa. Tangu mwaka 1997 kuna kanuni zinazomtaka mkulima kuomba idhini kabla ya kung'oa nyua nyingi za mashambani.

Hatari kubwa haikuwahi kuwa shoka. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuonyesha jinsi nchi ilivyopungukiwa mbao, serikali iliunda Tume ya Misitu mwaka 1919, na katika miongo iliyofuata misitu mingi ya zamani ilijazwa misonobari iliyopandwa kwa mistari. Mingine iling'olewa mizizi ikawa mashamba. Bradfield yenyewe ilipoteza sehemu yake kwa njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960, na iliyobaki ikanusurika iliponunuliwa na watetezi wa mazingira mwaka 1970. Orodha ya kitaifa ya misitu ya namna hii ilianza kuandaliwa mwaka 1981. Yote kwa jumla ni kama asilimia 2.5 tu ya ardhi ya Uingereza. Tangu mwaka 2018 sera ya mipango ya ujenzi ya England inasema msitu wa namna hii hauwezi kufidiwa, na hauruhusiwi kuharibiwa ila kwa sababu za kipekee kabisa.

Sasa turudi kwenye jina. “Msitu wa asili” haufai, kwa sababu humfanya msomaji afikirie mahali ambapo mkono wa mtu haujagusa, na Bradfield imeguswa kwa zaidi ya miaka 770. Pia jina hilo lina kazi yake tayari katika Afrika Mashariki: hutenganisha msitu uliojiotea na ule wa kupandwa. “Msitu wa kale” unakaribia, lakini neno kale hutupeleka kwenye mambo ya kale, yaani magofu na vitu vilivyokwisha. Msitu huu haujaisha.

Neno lililo bora ni mkongwe. Wazanzibari waliuita mji wao Mji Mkongwe, na hakuna anayedhani kila jiwe la ukuta ni la siku moja na kila dirisha ni la kwanza. Nyumba zimebomoka na kujengwa, wakazi wamebadilika, na mahali pameendelea kuwa mji. Msitu mkongwe ni hivyo hivyo: miti huja na kwenda, msitu hubaki pale pale. Neno hili pia lina ngeli na wingi usio na taabu, msitu mkongwe, misitu mikongwe, na msomaji wa kawaida hahitaji kamusi kulielewa.

Lina upungufu mmoja. Peke yake halisemi kwamba kinachopimwa ni umri wa ardhi. Kwa hiyo waandishi wa habari za mazingira na wafasiri wanaombwa waliandike neno hili pamoja na maelezo yake mara ya kwanza linapotokea katika makala: msitu mkongwe, yaani ardhi ambayo imekuwa na miti mfululizo tangu mwaka 1600 au kabla, hata kama miti yenyewe imekatwa mara nyingi.