Arobaini ya dada yangu

Juzi nilipita Sinza kumwona dada yangu. Ana mtoto wa wiki tatu. Kafungua mlango nywele timtim, kanga imelowa maziwa. "Mdogo wangu usinitazame, hata kuoga sijaoga." Nikacheka, halafu nikaona aibu.

Usiku nikafungua Desturi za Wasuaheli, masimulizi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo yaliyochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Mimba na uzazi vimepewa nafasi yake kabisa. Haya hayakuwa mambo madogo!

Pwani, mzazi alikaa ndani siku 40. Alikandwa maji ya moto, akafungwa tumbo kwa kanga, akasingwa liwa, akafukizwa udi. Arobaini ikitimia anatoka ananukia.

Sasa jiulize: maji aliyachemsha nani? Liwa aliisaga nani? Mkunga, mama, shangazi, majirani. Urembo wa mzazi ulikuwa kazi ya watu wengine.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya siku 84, zaidi ya arobaini mbili. Siku zipo, mikono ndiyo haipo.

Sisemi turudishe kila kitu. Maji ya moto kupita kiasi yanaunguza, na kukaza tumbo mno kunaumiza. Lakini Jumamosi narudi Sinza. Nitampakata mpwa wangu saa nzima, mama yake aoge taratibu, achane nywele, ajipake mafuta.

Kwenu je, nani alimchemshia mama maji?