Jiko la watu wengi: walivyokutana wapenda chakula mtandaoni

Mei 1987, wataalamu watatu wa kompyuta walikaa meza moja katika mgahawa wa nyama choma uitwao G.T.'s Sunset Barbecue, mjini Mountain View, California. Mmoja wao, Brian Reid, alikuwa na kero ya mapishi. Kurasa za wavuti zilikuwa bado hazijabuniwa. Kilichokuwapo ni Usenet, mtandao wa kupashana habari ulioanzia kwenye vyuo vikuu viwili vya North Carolina mwaka 1980. Mtu aliandika ujumbe kwenye mashine ya chuo au kampuni yake, mashine hiyo ikaipigia simu nyingine na kuukabidhi, nayo ikaupeleka mbele, hadi ujumbe ukavuka bahari.

Reid alikuwa akisimamia humo ukumbi wa mapishi. Wakubwa wa mitambo mikuu walikuwa wanapanga upya majina ya kumbi zote, na jina walilouandalia ukumbi wake hakulitaka. Basi pale mezani yeye, John Gilmore na Gordon Moffett wakakubaliana kuanzisha tawi lao, ambamo mtu angefungua ukumbi bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Tawi hilo, alt, baadaye lilizidi matawi mengine yote ya Usenet kwa ukubwa. Miongoni mwa kumbi zake za mwanzo kabisa ulikuwamo wa mapishi, alt.gourmand.

Naanza hapo kwa makusudi. Historia ya chakula mtandaoni huwa inasimuliwa kuanzia pale makampuni ya magazeti yalipofungua tovuti, kana kwamba wapishi walikaribishwa na wachapishaji. Ilikuwa kinyume chake. Wapishi walitangulia, wakajenga kwa mikono yao, na wachapishaji walipofika walikuta jiko lina moto.

Kazi ya Reid inastahili kutazamwa kwa karibu. Kila pishi alilopokea alilipanga kwa mtindo mmoja: viungo, hatua, kisha jina la aliyelituma na mahali anapofanya kazi. Chini kabisa palikuwa na tathmini ya mambo matatu: ugumu wa pishi, muda wake, na kama vipimo vinahitaji umakini. Hilo la tatu ndilo linalonivutia zaidi. Mchuzi mmoja uliandikiwa kwamba hakuna haja ya kupima, keki fulani kwamba lazima upime. Kila aliyefundishwa kupika na bibi yake anajua kwamba swali la kwanza jikoni ndilo hilo: hapa nakadiria, au napima? Vitabu vingi vya mapishi havilijibu mpaka leo. Juu ya hayo, programu aliyoitengeneza ilimwezesha msomaji kuchagua vipimo vya Kimarekani au gramu, kwa kuwa wasomaji wake walikuwa Ulaya na Australia pia.

Miaka ya tisini barua pepe ilienea, na pamoja nayo uvumi. Wengi waliopata anwani ya barua pepe zama hizo walitumiwa kisa cha mama aliyeomba maelekezo ya kupika biskuti katika duka la Neiman Marcus, akaambiwa bei ni “two-fifty”, akadhani dola mbili na nusu, kumbe ni dola 250. Kwa hasira, anasema, anayagawa bure kwa dunia nzima. Kisa kilikuwa cha uongo, na duka liliishia kutoa maelekezo yake ya biskuti bila malipo. Kilisambaa kwa sababu kiligusa kitu ambacho watu walikuwa wameanza kukiamini: kwamba ujuzi wa jikoni haupaswi kuuzwa kwa hila.

Mwaka 1995 kampuni ya Condé Nast ilifungua Epicurious, tovuti iliyochukua mapishi ya majarida yake, Gourmet na Bon Appétit. Humo wasomaji wa kawaida walikuja kuandika chini ya pishi la mhariri kwamba wamelijaribu na chumvi imezidi. Gourmet, lililoanzishwa mwaka 1941, lilifungwa mwaka 2009. Tovuti iliyozaliwa kubeba mapishi yake ikaendelea kuishi.

Miaka ya 1997 na 1998 ndiyo iliyoamua mambo. Jijini Seattle, kikundi cha wanafunzi waliosomea akiolojia katika Chuo Kikuu cha Washington kilianzisha tovuti ya biskuti ambayo ilikuja kuwa Allrecipes, mahali palipojengwa kwa mapishi ya wapishi wa nyumbani, na wasomaji huyapa nyota. Nchini Japani, Akimitsu Sano alianzisha huduma iliyokuja kuitwa Cookpad. Humo, aliyepika pishi la mwenzake humrudishia taarifa na picha ya alichokipata. Mtu anapika kwa ajili ya familia yake, kisha anapata shukrani kutoka kwa mgeni aliye mji wa mbali. Sioni wazo bora kuliko hilo katika historia hii yote.

Halafu New York, 1997, ikaja Chowhound. Jim Leff, mpiga tromboni wa jazi aliyekuwa pia akiandika kuhusu migahawa, na mwenzake Bob Okumura, walifungua jukwaa la maandishi matupu, lisilo na picha wala mapambo. Leff aliamini kwamba chakula bora cha jiji hakiko kwenye kumbi zinazosifiwa na wachambuzi. Kiko barabarani, kwenye vibanda vya wahamiaji, na anayekitaka lazima akitafute kwa miguu yake. Alikuwa ameandika sana kuhusu Maria Piedad Cano, mama wa Kikolombia aliyewahi kuwa hakimu kwao, aliyesimama usiku wa wikendi chini ya reli ya Roosevelt Avenue, mtaa wa Queens, akikaanga mikate ya mahindi na kuitandazia jibini. Watu walipanda treni kutoka upande wa pili wa jiji kumfuata, na baada ya miaka mingi familia yake ilifungua mgahawa.

Nguvu ya Chowhound ilikuwa maswali yake. Mtu aliuliza wapi atapata supu fulani ya Vietnam karibu na kituo fulani cha treni, na kabla ya chakula cha mchana wanne wameshabishana kuhusu supu hiyo, kila mmoja akieleza alikula nini, siku gani, na nani alikuwa anapika. Wasimamizi wa kujitolea walifuta bila huruma maandishi ya wenye migahawa waliojifanya wateja ili wajisifu. Ukali huo uliwaudhi baadhi, lakini ndio uliofanya neno la jukwaa liaminike.

Gharama zikawashinda waanzilishi. Mwaka 2006 Chowhound iliuzwa kwa kampuni ya CNET. Ikapita mikononi mwa CBS, kisha Red Ventures. Mwaka 2015 sura yake ilibadilishwa kwa namna ambayo wanachama wa zamani hawakuivumilia, na baadhi yao wakahamia jukwaa jipya, Hungry Onion. Machi 2022 wenye mali wakatangaza kuifunga. Wanachama walipewa muda mfupi, wakawa wananakili mijadala ya miaka ishirini na tano kwa mkono. Jina lilirudi mwaka uliofuata chini ya kampuni nyingine, likiwa na makala za waandishi wa kulipwa. Majukwaa ya maswali na majibu hayakurudi. Makampuni yalinunua jina na kurasa, lakini thamani ya Chowhound ilikuwa ule uaminifu wa watu waliojibu bure, na huo haukuandikwa kwenye hesabu yoyote.

Kwetu mambo yalichelewa kwa sababu ya waya. Mpaka Julai 2009, mkonga wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi, intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Ndiyo maana mapishi mengi ya mwanzo ya Kiswahili mtandaoni yaliandikwa na kusomwa na walio mbali na nyumbani. Tovuti ya Alhidaaya, inayojulikana zaidi kwa mafunzo ya dini, ina hazina ya mapishi kwa Kiswahili. JamiiForums, iliyoanzishwa mwaka 2006 na kujulikana kwa siasa zake, ina ukumbi wake wa wapishi. Mombasa ikatoa Fauzia's Kitchen Fun, Nairobi ikatoa Kaluhi's Kitchen. Simu za bei nafuu zilipoenea, Facebook ikajaa vikundi kama Let's Cook Kenyan Meals, ambako mama wa Nyeri anafundishwa biriani na mama wa Lamu.

Ingia kikundi chochote cha mapishi ya pwani Ramadhani inapokaribia, uone kazi inavyofanyika. Dada mmoja anaweka picha ya mkate wa kumimina uliolala, umeshikana katikati, hauna matundu. Haombi kusifiwa, anaomba msaada. Majibu yanaanza. Tui ulilitia likiwa moto, mpenzi? Hamira imekufa hapo. Mwingine anauliza mchele ulilowekwa saa ngapi, na kama rojo liliachwa mpaka likaumuka au liliharakishwa. Wa tatu anasema ute wa yai upigwe peke yake, utiwe mwisho, usikorogwe sana. Mama aliye Muscat anataka kujua kama tui la kopo litafaa, na anajibiwa na mwenzake wa Uingereza kwamba litafaa, ila alipunguze kwa maji kidogo. Aliyezoea mkaa juu na chini anabishana na mwenye oveni. Kwa saa moja dada yule amepata mafunzo ambayo zamani angeyapata kwa kukaa na shangazi yake mwezi mzima.

Majibu hayo yote yako chini ya picha moja, katika jumba la kampuni ya California. Wiki mbili baadaye yamezikwa na mamia ya picha nyingine, na kuyatafuta ni shida. Msimamizi akiibiwa akaunti, au kampuni ikibadili taratibu, yanaondoka kama yalivyoondoka ya Chowhound. Mapishi ya Reid bado yanasomeka kwa kuwa yalikuwa maandishi matupu, yaliyonakiliwa kwenye mashine za kila pembe na kuhifadhiwa na yeyote aliyependa. Vikundi vya Kiswahili vina watu wa kutosha wa kufanya kazi hiyohiyo. Inahitajika faili moja ya maandishi, yenye swali la mkate uliolala, majibu yake, na majina ya waliojibu wakiridhia, na igawiwe kwa kila mwanachama abaki nayo kwenye simu yake.