Umbali Kati ya Mgonjwa na Dawa

Habaswein ni mji mdogo wa Kaunti ya Wajir, katika njia itokayo Garissa kwenda Wajir, karibu na kinamasi cha Lorian ambako maji ya mto Ewaso Nyiro huenea na kupotea mchangani. Jina lake ni la Kisomali, na maana yake ni vumbi jingi. Wenyeji wake wengi ni Wasomali, na riziki yao tangu kale ni ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Watu huandama mvua na malisho. Mtu aliyeugua katika nchi kama hiyo alikuwa na safari ndefu kabla ya kumfikia tabibu. Wengi hudhani kuwa urefu wa safari hiyo ni kazi ya jangwa peke yake. Historia yaonyesha kuwa sehemu yake kubwa ilifanywa na wanadamu, na yaliyofanywa na wanadamu huweza kutenguliwa na wanadamu.

Tuanze na zamani za ukoloni. Serikali ya Mwingereza iliiita nchi hii Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ikaihesabu kuwa ngao ya kukinga makoloni yake. Mnamo 1926 wilaya hiyo ilifungwa: hapana aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka bila ya hati. Sheria ya 1934 iliwapa maofisa mamlaka ya kukamata watu na kutwaa mali ya kabila zima lililohesabiwa kuwa adui. Nchi ikifungwa, mfanyabiashara hafiki, mwalimu hafiki, na mganga hafiki. Nyanda za juu zilipata reli na mashamba, na pamoja navyo misheni zenye shule na hospitali. Kaskazini ilipata vituo vya askari.

Uhuru wa 1963 haukuyaondoa mambo hayo mara moja. Wasomali wengi wa kaskazini walitaka kuungana na Somalia, na vita vilivyoitwa vya shifta vikaendelea hadi 1967. Sheria za hali ya hatari zilibaki hadi 1991. Tena, katika 1965 serikali ilitoa Waraka Namba 10, ulioshauri fedha za maendeleo ziwekwe mahali penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, ili mazao yaongezeke upesi na faida yake isaidie sehemu nyingine baadaye. Hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu, kwani nchi ilikuwa changa na fedha zake chache. Lakini tazama matokeo yake: aliyekuwa na barabara aliongezewa barabara, na aliyekosa aliambiwa angoje. Mgonjwa hawezi kungoja faida ya shamba la mwingine.

Ugonjwa ulioonyesha madhara ya hali hiyo waziwazi kuliko yote ni kifua kikuu. Vijidudu vyake hufa polepole, na dawa sharti imezwe kwa miezi mingi. Baada ya majuma machache mgonjwa hujiona mzima, kikohozi hupungua, nguvu hurudi. Akiacha dawa hapo, ugonjwa humrudia, na pengine vijidudu vimekwisha kuizoea dawa. Zamani matibabu yalichukua mwaka mmoja na zaidi. Mfugaji angekaaje hospitali mwaka mzima hali jamaa zake na wanyama wamehama? Alipoondoka, alihesabiwa kuwa mkaidi. Hapana aliyeuliza kama matibabu yenyewe yalipimwa kwa maisha ya mtu wa mjini.

Swali hilo liliulizwa Wajir na Annalena Tonelli, Mwitalia aliyefika Kenya mnamo 1969 akawa mwalimu. Mnamo 1976 alianzisha kandokando ya mji mahali palipoitwa manyatta ya kifua kikuu. Mgonjwa hakulazwa katika wodi. Alikuja na jamaa zake na kibanda chao cha miti na mikeka, kile kile kinachopakiwa juu ya ngamia, akakisimamisha hapo. Kila siku alimeza dawa mbele ya mhudumu, kwa muda wa miezi sita, kwa kuwa dawa mpya za wakati ule ziliweza kufupisha matibabu. Wagonjwa wengi walikaa hadi mwisho wakapona, na mfano huo uliigwa katika miji mingine ya kaskazini. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza ulimwenguni desturi ya kumsimamia mgonjwa akimeza dawa.

Mwisho wa kazi yake Wajir ulikuwa mchungu. Mnamo Februari 1984 askari waliua watu wengi katika uwanja wa ndege wa Wagalla. Tonelli aliwasaidia majeruhi na kuyatangaza yaliyotokea, na mnamo 1985 ilimbidi aondoke Kenya. Aliendelea kutibu wagonjwa Somalia hadi alipouawa Borama mnamo Oktoba 2003.

Tangu hapo sheria za Kenya zimebadilika. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu cha afya kiwezekanacho, na kifungu cha 204 kilianzisha mfuko wa kusawazisha kwa ajili ya sehemu zilizoachwa nyuma. Mnamo 2013 kaunti zilikabidhiwa kazi za afya, na mwaka huohuo serikali ilifuta ada ya kujifungua katika hospitali zake. Hayo ni mema makubwa. Hata hivyo, mama anayeshikwa na uchungu malishoni usiku hazuiwi na ada tu. Azuiwa na ukosefu wa gari, wa barabara, na wa mtu wa kumwachia watoto.

Kwa hiyo, kijana msomaji, usikiapo kuwa watu wa mahali fulani hawaendi hospitali, usiharakishe kuwalaumu. Uliza kwanza ni nani aliyechora barabara, ni lini ilichorwa, na ilipita wapi.