Sarufi Iliyopunguzwa Mizigo

Mwaka 1965 Noam Chomsky wa Marekani alifundisha kuwa kila sentensi ina umbo la ndani, lichukualo maana, na umbo la nje, lichukualo sauti. Mwaka 1995 aliyaacha yote mawili. Lililobaki ni tendo moja la kuunganisha maneno, na zao lake hupelekwa pande mbili, kwenye sauti na kwenye maana. Sintaksia huunda, pande hizo hupokea.

Kiswahili huipa nadharia hii nguvu, kisha huitia taabuni. Katika “vitabu vyangu vizuri vimepotea” wingi hutamkwa mara nne na kueleweka mara moja. Nyayo zilizozidi, asema Chomsky, hufutwa kabla ya kuifikia maana. Vema. Lakini kifaru wa porini “amekwama”, na kifaru cha jeshi “kimekwama”. Sauti ya jina ni ile ile. Kinachogeuza upatanisho ni uhai, nao ni jambo la maana. Wafuasi wake huweza kujibu kuwa uhai umo ndani ya neno tangu msamiatini; basi itawapasa kuhesabu vifaru viwili. Ray Jackendoff, tangu 1997, ameshika njia nyingine: sauti, sintaksia na maana, kila moja huunda kwa kanuni zake, na viungo huzipatanisha.